Mjane wa Ndege Isiyoanguka

Mtaani kwetu Kiusa, mjini Moshi, wajane ni wengi, lakini hakuna aliyeujua ujane kama mama mdogo Rahma. Wengine wakitoka eda hujipaka wanja na kuanza kuangaza macho, na si vibaya, dunia haisimami. Yeye alitoka eda akabaki mjane vilevile, kama mtu aliyepewa kazi ya kudumu. Mtaa mzima ulimheshimu kwa hilo. Akipita barabarani wanaume walishusha sauti, na mtoto asiyesalimia alifinywa sikio: yule ni mke wa marehemu Swaleh, hujui?

Swaleh alikuwa mdogo wake baba yangu, Abdulsalam, wawili tu kwa mama yao. Baba alikuwa karani wa reli, mtu wa tai na kalamu mfukoni. Swaleh alipiga gitaa la solo katika Msaranga Jazz, bendi iliyopiga mjini kila Jumamosi na ikifika Desemba ilipanda mlimani, Wachaga wanaporudi makwao kula sikukuu. Alimwoa Rahma kutoka Kondoa, msichana wa Kirangi mwenye shingo ndefu na maneno machache. Walikuwa hawajajaliwa mtoto ilipokuja ile orkesta kutoka Zaire.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari. Orkesta ile ilikuwa ikizunguka nchi hizi kwa ndege ya kukodi, jambo ambalo Moshi hatukuwahi kuliona, wapiga ngoma kushuka kwenye ndege kama mawaziri. Mpiga solo wao aliugua wakiwa hapa, wakamsikia Swaleh, wakamwomba amalizie nao ziara. Wangepitia Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi, kisha arudi nyumbani. Nusu ya mtaa ilikwenda uwanja wa ndege kumsindikiza, na mpiga picha wa studio akawapanga vizuri. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwetu tangu sijajua kusoma: Swaleh kwenye ngazi ya ndege na suruali yake ya bugaluu, gitaa begani, chini yake Rahma ameshika mkoba, na nyuma yao mkia wa ndege wenye herufi kubwa nyeusi.

Hakurudi. Baba ndiye aliyeleta habari kwamba ndege imeangukia Ziwa Tanganyika na hakuna aliyeopolewa. Redio haikutangaza kitu, na Baba akaeleza kwamba ziwa lile ni la nchi nyingi, kila nchi imeiachia nyingine itangaze. Watu wakaridhika. Karani wa reli akikueleza mambo ya usafiri utambishia nini? Hitima ikasomwa, Rahma akaingia eda, na kila mwaka tangu wakati huo hitima ya Swaleh husomwa uani kwetu, pilau hupikwa, na anayeipika ni yeye.

Bibi, mama yao Swaleh na Baba, alikuwa kitandani tangu kabla ya safari ile, kiharusi kimemchukua upande mmoja. Mama yangu mzazi alikuwa na genge sokoni na mgongo mbovu, akasema yeye kunyanyua mtu hawezi. Kwa hiyo Rahma alimwogesha Bibi, alimlisha, alimgeuza ubavu huu na ule, akafua mashuka yake, miaka na miaka. Bibi alifariki nikiwa darasa la tano. Mama yangu naye alipokufa, Rahma akamrithi Baba: maji yake ya moto, uji wake, dawa zake za presha. Sisi watoto tuliona ndivyo dunia ilivyo.

Mara moja tu dunia ilitaka kugeuka. Salehe, mwoka mikate wa Majengo, alileta posa. Alikataliwa, akaleta tena, safari hii akaja mwenyewe na sinia la skonzi, nami nilikula nyingi kuliko wote, kwa hiyo nilikuwa upande wake. Mama mdogo alisitasita. Najua alisitasita, maana siku ile aliniuliza, mimi mtoto mdogo, "Shani, yule mtu wa skonzi anacheka vizuri, eti?" Ndipo Baba alipokuja na maneno kutoka msikitini. Alimweleza kwa upole mkubwa kwamba mwanamke akiingia peponi huwa wa mume wake wa mwisho. Akiolewa na Salehe, Swaleh atamngoja kule bure. Mama mdogo alilia siku nzima, kisha akaosha sinia, akanituma nilirudishe.

Salehe akamwoa Maulida, wakazaa, wakazeeka pamoja. Maulida alitangulia, na Salehe akamfuata mwaka juzi. Mama mdogo alikwenda msibani kama jirani, akakaa mwisho wa mkeka.

Mimi ni mpambaji wa sherehe. Vitambaa, taa, maua ya plastiki, kazi yangu ni kufanya ukumbi mbaya uonekane mzuri kwa jioni moja. Mwaka huu nikaitwa na Sirili, Mchaga wa Kilema aliyepata fedha kwenye utalii na sasa anahangaika nazo. Alikuwa ameweka ndege nzima kwenye kihamba cha marehemu baba yake, katikati ya migomba na kahawa, karibu na misheni kiasi cha padre kusikia muziki. Ndege ilikuwa haina injini wala mapangaboi. Alitaka kuifanya baa.

"Shimbonyi, mae, karibu," alinisalimu Kichaga. "Usiione hivi, hii ndege ina historia. Imebeba wanamuziki wakubwa wa Zaire, mzee aliyeniuzia kaniambia. Nataka iandikwe pale mlangoni, wageni wapige picha."

"Wanamuziki gani?"

"Ndiyo nataka nijue sasa. Unipambie, halafu uniulizieulizie huko mjini. Si ninyi wa Kiusa mlikuwa mnacheza madansi?"

Mafundi wake walikuwa wanausugua mkia kwa msasa. Rangi ya juu ilikuwa na samaki aliyechorwa, ya kampuni iliyokuwa ikisafirisha minofu. Chini yake ikatokea rangi nyingine, na chini ya hiyo zikatokea herufi nyeusi. Nilizitazama nikaona nazijua. Kwa muda sikukumbuka nimezisoma wapi, kisha nikakumbuka, nikakaa juu ya ndoo ya rangi bila kuangalia kama ina mfuniko.

Nilirudi nyumbani na picha yake kwenye simu, nikasimama sebuleni mbele ya ile picha ya zamani. Herufi zilikuwa zilezile, moja baada ya nyingine. Baba alikuwa kwenye kochi lake chini ya picha, anakunywa uji.

"Unatazama nini?" akauliza.

"Vumbi," nikasema.

Bado nilimtafutia Baba njia ya kutokea. Nilijiambia labda ndege iliopolewa ziwani ikatengenezwa, mimi si fundi, nitajuaje? Nikampigia Sirili aniambie aliyemuuzia. Akanielekeza kwa mzee Suresh, anayekaa ghorofani juu ya duka la vipuri la ndugu zake, Double Road.

Mzee Suresh amezaliwa Moshi, na Kiswahili chake ni cha Kiusa kuliko changu. Alikuwa fundi wa kampuni ya Nairobi iliyomiliki ndege ile, akaruka nayo maisha yake yote, na kampuni ilipokufa aliinunua ikiwa mzoga pembeni ya uwanja wetu wa ndege, kwa mapenzi tu. Mwishowe wanawe walio Uingereza wakamlazimisha aiuze. Nilipomtajia ndege uso ulimfunguka. Alinisimulia kwamba baada ya wanamuziki ilibeba miraa, baada ya miraa magazeti, baada ya magazeti samaki wa Mwanza, na harufu ya samaki haikutoka tena.

"Na ilipoanguka?" nikauliza.

"Kuanguka?" Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mtoto. "Ndege ile haijawahi hata kupasua tairi."

"Ziwa Tanganyika, mzee. Na wale Wazaire."

"Tulipita juu yake tu. Asubuhi, maji yametulia. Nani kakwambia imeanguka?"

Nikamwambia mimi ni mtoto wa Abdulsalam wa reli. Akacheka kwa furaha, akasema nimefanana naye mdomo. Yeye mwenyewe alicheza gololi na Swaleh utotoni, akasema, na alifurahi sana kumwona anapanda ndege yao. Kisha akanisimulia jinsi ilivyokuwa, bila kujua anafanya nini. Kule Lubumbashi Swaleh alipata mwanamke, na mwanamke alikuwa na nyumba. Ziara ilipokwisha wengine walitawanyika, ndege ikarudi Nairobi, Swaleh akabaki. Alimpa Suresh maneno amletee kaka yake. Suresh alipopata likizo alikuja Moshi akamkuta Baba stesheni, akampa maneno hayo kwa mdomo, kama alivyopewa.

"Maneno gani?"

Mzee Suresh akaanza kupangusa miwani. "Binti, maneno hutumwa kwa mwenyewe."

"Mzee, kila mwaka tunamsomea hitima."

"Mimi kwenye hitima siitwi," akasema. "Nimekaa Nairobi miaka mingi, nimerudi nimezeeka. Hitima ya nani?"

Nilimwambia yote. Chini dukani mtu alikuwa anabishania bei ya fani belti, tukawa tunamsikiliza yeye. Mwishowe Suresh akasema, "Alisema hivi. Mwambie kaka amwambie Rahma nimemwacha. Arudi kwao Kondoa, asinisubiri. Bado kijana, aolewe. Ndiyo maneno yenyewe. Baba yako aliyasikia akasema, sawa, nitamfikishia. Akaninunulia chai."

"Na Swaleh sasa?"

"Alikufa, lakini baadaye sana. Alikufa kwa sukari. Aliacha wajukuu."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakumjua baba yangu. Nilirudi kwa miguu kutoka Double Road hadi Kiusa nikiwa na hasira iliyonifanya nisisalimie watu, na Moshi usiposalimia watu habari hufika nyumbani kabla yako. Nilipofika Baba alikuwa anajua nimepita nimevimba, ila hakujua kwa nini.

Nikamwambia nimetoka kwa Suresh.

Hakukana. Nilitaka akane ili nigombane naye, lakini aliweka kikombe chini, akatazama mikono yake. "Mwanamke aliyeachwa hurudishwa kwao," akasema. "Mjane hubaki. Bibi yako angeogeshwa na nani?"

Hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari ya aibu ya ukoo, heshima ya jina, machozi ya mama yake. Kumbe ilikuwa habari ya beseni na sabuni.

"Na Salehe?" nikauliza. "Ulipomzuia Salehe?"

"Bibi alikuwa bado hai."

"Na Bibi alipokufa?"

"Ilikuwa imeshapita, Shani. Salehe alikuwa ameshaoa. Ningeanzia wapi?" Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na baridi. "Usimwambie. Utamuua."

Nitasema ukweli, maneno hayo yaliniingia. Niliona afadhali afe akiwa na mume wake peponi kuliko abaki hana kitu duniani na akhera. Labda ningenyamaza mpaka leo. Lakini Sirili alikuwa ameshachimba kivyake, kasikia mjane wa mpiga solo wa ndege yake yupo Kiusa, akanipigia simu kwa furaha kwamba atakuja mwenyewe kumwalika awe mgeni rasmi siku ya kufungua baa. Nilimwomba angoje. Sikutaka mama mdogo azisikie habari zake kutoka kwa mwenye baa.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele wa hitima, maana hitima ilikuwa Ijumaa ya wiki ileile. Nikamwambia yote, kuanzia herufi mpaka chai ya stesheni. Aliendelea kuchambua. Aliokota chuya na vijiwe, akavitupa, akapepeta, akaokota tena. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja.

"Alisema niolewe?"

"Ndiyo, mama mdogo. Ndivyo alivyosema Suresh."

Akafunika ungo kwa kanga. "Nipeleke nikaione," akasema.

Tukapanda Kilema kesho yake. Sirili alitupokea kwa bashasha, akakimbilia kumfungulia mlango wa ndege kama rubani. Ndani aliacha viti vichache vya zamani dirishani, kwingine aliweka meza ndogondogo na picha za bia. Mama mdogo akakaa kwenye kiti kimoja, akatazama nje. Palikuwa na migomba tu, na mbuzi wa jirani.

"Tangu mwaka ule," akasema, "sijala dagaa wa Kigoma. Migebuka wa ziwa lile sijaonja. Nilikuwa najiambia, hawa wamemla mume wangu." Alisema bila kulia. "Kila nikisujudu nilimwona chini ya maji, macho wazi. Nilimwombea Mungu amfumbe macho. Kumbe yuko kwa mwanamke, anakula migebuka."

Nikataka kumshika, akausogeza mkono wangu pembeni, si kwa ukali.

"Na yeye hakunidanganya, Shani. Huyo Swaleh. Aliniacha kama wanaume wanavyoacha, na akataka niambiwe. Sina ugomvi naye."

Sirili alileta soda kwenye sinia na simu mkononi. Akaomba mama asimame mlangoni, apige picha moja tu, kwa sababu yeye ndiye historia yenyewe.

"Mwanangu, mimi historia ya ndege hii siijui," mama mdogo akamjibu. "Sikuipanda." Akanywa soda yote, akashukuru, tukashuka.

Tulipofika mjini aliniambia nisimame Double Road. Alipanda ngazi peke yake kwa mzee Suresh, na aliporudi hakunieleza walizungumza nini.

Ijumaa ilipofika alipika kama kila mwaka. Pilau ilinukia mtaa mzima, majirani wakaja, wanaume wakakaa kwenye mikeka uani, wanawake ndani na barazani. Baba alivaa kanzu yake nyeupe, akaketi karibu na ustadhi, kijana aliyetoka kusoma Tanga na aliyemjua Swaleh kwa jina la hitima tu. Nilikuwa namtazama Baba. Alinitazama mara moja, akaona sijafanya kitu, akaanza kupumua vizuri. Kisha lango likafunguliwa, mzee Suresh akaingia, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, akaketi kwenye benchi karibu na bomba. Watu walishangaa kidogo, wakamsogezea kiti kizuri. Baba alimwona, na tangu hapo hakugeuza kurasa za juzuu yake.

Hitima ikasomwa, dua ikaombwa, aliyetangulia akaombewa kaburi pana. Watu walipoitikia amina ya mwisho na kuanza kukunja mikono ya kanzu kungoja chakula, mama mdogo akatoka jikoni akasimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Shemeji Abdulsalam. Uliagizwa maneno yangu na mdogo wako. Mwenye kuyaleta yule pale. Nifikishie."

"Rahma," Baba akasema, "ingia ndani. Tutazungumza."

"Nimekaa ndani. Nifikishie hapa."

Ustadhi aliuliza kuna nini. Mzee Suresh alikuwa anatazama viatu vyake. Sufuria tu ndizo zilizosikika jikoni. Nilimwona baba yangu anatafuta uso wa kumsaidia katika nyuso za watu aliosali nao maisha yake yote, na alipofika kwenye uso wangu nikatazama pembeni. Sijutii. Naandika tu kwamba nilitazama pembeni.

"Swaleh alisema," Baba akaanza, akakohoa. "Swaleh alisema, Rahma nimemwacha. Arudi kwao. Asinisubiri, aolewe."

"Lini?"

"Wakati ule. Kabla ya hitima ya kwanza."

Wanawake barazani wakashika midomo. Mzee mmoja akasema astaghfirullah, akaanza kutafuta viatu vyake, kisha akakumbuka pilau akakaa tena. Mama mdogo akamgeukia ustadhi, akamuuliza kama mwanafunzi anavyouliza: huyo mtu ni mume wake au si mume wake?

Ustadhi alikuwa amebadilika rangi, lakini elimu yake hakuificha. Alisema talaka ilipita tangu ilipotamkwa, eda yake ilikwisha zamani, na Swaleh si mume wake, hapa wala kule.

"Basi huko peponi mimi ni wa nani?"

"Mungu hamwachi mja wake, mama. Atakupa aliye bora."

"Salehe ni wa Maulida," mama mdogo akasema, akimtazama Baba, si ustadhi. Ndiyo mara pekee sauti yake ilitetemeka. Akangoja mpaka ikatulia. "Vizuri. Mwanamke aliyeachwa hurudishwa kwao. Hajiendei kama mbuzi aliyekata kamba, anapelekwa na wakubwa waliomchukua. Wakubwa wa Swaleh umebaki wewe. Utanirudisha Kondoa, shemeji. Sasa leteni maji watu wanawe."

Watu walikula. Nimesikia wengine wakisema kwamba hawakula, waliondoka kwa uchungu. Walikula, na sufuria zilirudi tupu.

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia ahamie kwangu, nitamtunza, nina chumba. Akasema hataki kutunzwa, na kazi ya kutunza pia ameichoka. Baba alimtumia wazee wawili wa msikiti waombe yaishe, mama mdogo akawapa kahawa, akaendelea kufunga nguo zake. Picha ya sebuleni hakuigusa. Tulisafiri kwa gari langu la kubebea maua, Baba mbele na fimbo yake, mama mdogo nyuma. Tukapita Arusha, tukapita Babati, na Baba akiomba kujisaidia mama mdogo ndiye aliyeshuka kumshika mkono, kwa mazoea, kisha akakumbuka akaniachia mimi.

Nyumba ya kwao tuliipata kwa kuuliza. Ilikuwa imeezekwa bati jipya. Akatoka msichana wa miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni, mikono ina unga wa mtama, akatuamkia shikamoo wote watatu na kutukaribisha kabla hajatujua, kama watu wa kule walivyo. Baba akasimama wima kadiri alivyoweza. Maneno yenyewe ni ya zamani, lakini aliyakumbuka.

"Tulimchukua hapa," akasema, "tumemrudisha hapa. Tumekuja kwa wenyewe."

Msichana alimtazama Baba, akamtazama mama mdogo aliyekuwa anashusha begi lake. Nikamtajia jina la baba yake mama mdogo, na la kaka zake. Akatikisa kichwa kwa kila jina, kwa adabu, kwa sababu wote walikuwa makaburini.

"Wenyewe wameshakufa, babu," akasema. "Yuko mjukuu wao, mume wangu, lakini naye kaenda Dodoma kutafuta kazi, simu yake haipatikani tangu Rajabu. Mimi mwenyewe nimeolewa tu hapa. Namwogesha mama yake, yuko ndani."

Mama mdogo alisimama na begi mkononi. Ndani ya nyumba sauti ya kikongwe ikaita, ikaomba kugeuzwa ubavu.